Hotuba ya Mkuu na Simu za Wanafunzi

Ijumaa ya Juni 10, 2011, wahitimu wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Alberta, mjini Edmonton nchini Kanada, walikuwa kwenye karamu ya kuwaaga. Mkuu wa kitivo chao cha tiba, Philip Baker, akasimama kutoa nasaha. Hotuba ilikuwa tamu. Ilieleza jinsi mtu anavyosota darasani miaka kadhaa, akatunukiwa shahada inayomwita mtaalamu, na bado moyoni anajiona hajui kitu. Ndani yake likapita neno moja geni: velluvial matrix. Baadhi ya wahitimu wakatoa simu, wakaliandika kwenye Google.

Neno hilo halipo katika tiba. Alilitunga Atul Gawande, daktari wa upasuaji wa Boston ambaye pia ni mwandishi wa jarida la The New Yorker, alipowahutubia wahitimu wa udaktari wa Stanford mwaka mmoja kabla, Juni 2010. Aliorodhesha maneno magumu ambayo mwanafunzi wa tiba huyazoea taratibu, akapenyeza moja la uongo mwishoni, kisha akakiri papo hapo kwamba amelibuni. Alitaka waone kuwa ile hofu ya kudhani wenzako wanajua kitu usichokijua haimwishi daktari hata akizeeka. Jarida likaiweka hotuba kwenye tovuti yake, na kichwa chake kikawa neno lile lile la kubuni. Kwa hiyo mhitimu aliyelitafuta usiku ule Edmonton hakuhitaji kupekua kurasa kumi. Mkuu akawa jukwaani anasoma, na mezani vijana wanamfuata kwenye kioo cha simu, mstari kwa mstari.

Wiki moja baadaye, Juni 17, Baker aliachia ukuu wa kitivo. Katikati hapo alikuwa amewaandikia wahitimu barua ya kuomba radhi.

Nimeanza na karamu hiyo kwa sababu inaonyesha kitu ambacho wakuu wa shule wengi hawajakizingatia. Wanafunzi ndio wakaguzi wa kwanza. Wana muda, wana simu, na wana sababu ya kutaka kujua kama sheria waliyosomewa mstarini inamhusu na aliyeisoma. Kwa maoni yangu, kosa lenyewe, yaani kusoma maneno ya mwingine kama yako, wanalielewa haraka na hata hawalishangai sana. Wanachokishika na kuondoka nacho ni bei: aliyekuwa juu alilipa kiasi gani, na je, ni sawa na anacholipishwa wa kidato cha pili?

Kwetu jambo hili lina majina ya mtaani. Mwanafunzi wa Tanzania anadesa au anapiga chabo, wa Kenya anaingia chumba cha mtihani na mwakenya. Akikamatwa kwenye mtihani wa taifa, matokeo yanafutwa na habari hutangazwa kwa nchi nzima. Vyuoni, tasnifu hupitishwa kwenye programu ya kupima ulinganifu kabla ya kupokelewa. Lakini hotuba ya mkuu siku ya mahafali, salamu zake kwenye jarida la shule, dibaji ya mpango mkakati, makala yake gazetini, vyote hivyo havipitishwi popote. Aliyepaswa kukagua ndiye aliyeandika.

Wizi unavyoingia kwenye hotuba

Ni wachache wanaokaa chini na kusema leo naiba. Mara nyingi kazi huharibika wiki tatu kabla ya mahafali. Mkuu anafungua faili jipya, analiita "hotuba", kisha anaanza kukusanya mawazo. Anakuta aya nzuri mtandaoni, anainakili na kuibandika. Anakuta nyingine, anaibandika chini yake. Anaandika sentensi mbili zake katikati. Kesho yake anarudi, anabadilisha "ninyi wahitimu wa chuo hiki" kuwa "ninyi wahitimu wa shule hii". Siku ya tatu anamwachia makamu aipitie, makamu anaona ni ndefu na anakata vile vijineno vya "kama alivyosema fulani" kwa kuwa anaviona ni pambo. Siku ya nne katibu muhtasi anaichapa upya kwa herufi kubwa za kusomea jukwaani, na alama za kunukuu zinapotea. Hadi hapo hakuna hata mmoja kati ya watu watatu anayeweza kukuambia ipi ni ya mkuu na ipi si yake.

Ndivyo ilivyosikika habari ya Robert Caslen, wakati huo rais wa Chuo Kikuu cha South Carolina huko Marekani. Mei 7, 2021 alimalizia hotuba ya mahafali kwa maneno ya kuwataka vijana wathubutu, wasimame nyakati zikiwa ngumu, wawainue wanyonge na wasikate tamaa kamwe. Maneno hayo yalikuwa ya William McRaven, admirali mstaafu, aliyeyatoa kwa wahitimu wa Chuo Kikuu cha Texas mwaka 2014. Si hotuba ya kujificha, imetazamwa na mamilioni ya watu. Caslen alieleza kuwa alikuwa akitafuta maneno kuhusu ustahimilivu, na yalipoingizwa kwenye hotuba hakuhakikisha kwamba mwenye maneno ametajwa. Tazama hilo tendo, "yalipoingizwa". Halina mtu. Ni kauli ya kutendwa, na kila mwalimu wa Kiswahili aliyewahi kumuuliza mtoto nani kavunja dirisha akajibiwa "limevunjika" anaijua vizuri. Mei 12 alijiuzulu. Mtu huyu alikuwa mkuu wa chuo cha kijeshi cha West Point kuanzia 2013 hadi 2018, mahali ambapo kanuni ya heshima inamkataza kadeti kudanganya, kuiba, na hata kumvumilia mwenzake anayefanya hivyo.

Dawa ya mchanganyiko huu ni ya mikono, haihitaji semina. Weka mafaili mawili. La kwanza ni la makusanyo: kila unachonakili unakiweka kati ya alama za kunukuu pale pale, na mstari wa juu yake una jina la aliyesema, mahali, mwaka, na anwani ya ukurasa. Usiseme nitaweka baadaye, maana baadaye utakuwa umesahau. Faili la pili ni hotuba, na unapoandika hotuba faili la kwanza linafungwa. Ukikwama unalifungua, unasoma, unalifunga, unaendelea kwa maneno yako. Ukiona sentensi ya mwenzio ni bora kuliko yako, na mara nyingi itakuwa bora, unaileta nzima ikiwa na jina lake. Mwisho unaipa rangi: sentensi za watu wengine ziwe nyekundu kwenye rasimu hadi nakala ya mwisho ya kusomea. Makamu akizikata atajua anachokikata.

Hesabu ya urefu nayo inasaidia. Kwa mwendo wa jukwaani, wenye kusubiri makofi na kipaza sauti kinachokoroma, Kiswahili huenda maneno kama 100 kwa dakika. Hotuba ya dakika kumi ni maneno 1,000 tu, karibu kurasa mbili na nusu zilizochapwa. Mkuu anayewajua wanafunzi wake kwa miaka minne hawezi kukosa maneno 1,000 kuhusu wao. Bomba lililopasuka kidato cha tatu, mwalimu wa fizikia aliyehamishwa katikati ya muhula, bweni lililokaa bila umeme wiki ngapi. Hotuba ya kuiba huwa haina mambo hayo, ndiyo maana inanukia ugeni hata kabla ya mtu kutoa simu.

Na kumtaja mtu kunagharimu nini? "Kama alivyowaambia wahitimu wa Stanford mwaka 2010 daktari Atul Gawande, naomba kunukuu." Maneno kumi na mawili, sekunde saba au nane. Kisha unasoma, kisha unasema "mwisho wa kunukuu". Kiswahili cha jukwaani kimekuwa na mlango huu siku zote, bungeni unasikika kila kikao. Jina litangulie maneno, lisije nyuma yake, kwa kuwa msikilizaji hana ukurasa wa kurudi kuangalia. Ukilitaja mwishoni, ameshakupa wewe sifa na makofi.

Tena lugha yetu ina adabu hii ndani kabisa. Hatusemi methali bila kuwapa wahenga haki yao. Watunzi wengi wa tenzi za kale walitaja jina lao katika beti za mwisho, na wengine wakaweka na tarehe. Mwalimu Nyerere alipomleta Shakespeare katika Kiswahili, *Julius Caezar* mwaka 1963 na baadaye *Juliasi Kaizari*, jina la Shakespeare halikufichwa. Alikuwa rais, alikuwa mwalimu, na kazi ya tafsiri ilikuwa yake kweli. Hakuna alichopungukiwa.

Tafsiri si maficho

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wetu wanapojidanganya zaidi. Mkuu anachukua hotuba ya Kiingereza, anaigeuza Kiswahili, au anaipa programu ya kompyuta iigeuze, kisha anaona kuwa sasa ni yake kwa kuwa kila neno ni jipya. Maneno ni mapya, lakini mpangilio wa hoja, mifano, mizaha, mahali pa kupandisha sauti na mahali pa kushusha, vyote ni vya mtu mwingine. Huo ni wizi ule ule. Kanuni za vyuo vingi zinataja kuchukua mawazo na mpangilio bila kukiri kuwa kosa, wala hazisemi ukibadilisha lugha umesamehewa.

Programu za ulinganifu hazimkamati kirahisi mtu wa namna hii. Zinafanya kazi zaidi kwa kulinganisha mifuatano ya maneno, na Kiswahili kina viambishi: ukigeuza "alisema" kuwa "anasema" na "aliwaambia" kuwa "amewaambia", kwa mashine hayo ni maneno tofauti. Mbili kama hizo katika sentensi ya maneno kumi zinatosha kuukata mfuatano. Binadamu lakini anasikia. Anasikia "mwisho wa siku" iliyokaa mahali pa "hatimaye". Anasikia "fikirini nje ya boksi" kutoka kwa mzee ambaye mwaka mzima hajawahi kusema boksi kwa maana hiyo. Anasikia theluji kwenye hotuba ya Sumbawanga. Anasikia mkuu akisema "nilipokuwa chuo nilicheza katika timu" wakati walimu wote wanajua hakucheza. Kuiba kisa cha maisha ya mtu na kukisimulia kama chako ndicho kiwango kibaya kuliko vyote, kwa sababu hapo pameongezeka uongo juu ya wizi.

Vivyo hivyo kwa hotuba iliyoandikwa na programu za akili mnemba. Hatari ni mbili. Inaweza kukupa sentensi zinazofanana na za watu bila kukuambia ni za nani, na inaweza kukutungia nukuu ambayo mtu huyo hakuwahi kuisema. Nukuu yoyote iliyotoka huko itafutwe kwenye chanzo chake kabla ya kufika jukwaani. Isipopatikana, itolewe.

Kuna vitu ambavyo si wizi, na ni haki kuvitaja ili watu wasionewe. Fomu ya azimio la kazi au muundo wa andalio la somo ni vya kutumiwa na wote. Waraka wa wizara unanakiliwa kwa sababu ndiyo kazi yake. Salamu za kufungua, shukrani kwa mgeni rasmi, itifaki, havina mwenyewe. Mkuu kuandikiwa hotuba na msaidizi nako si wizi, mradi akubali kwamba akishaisoma ni yake, pamoja na makosa yake. Lakini mpango mkakati wa shule ni jambo jingine. Ukiukuta una jina la shule nyingine kwenye kichwa cha ukurasa wa kumi na saba, au unaitaja bahari wakati shule iko Tabora, basi aliyeuandika alitumia amri ya kutafuta na kubadilisha, na ikaacha pale ambapo jina lilikuwa limegawanyika katika mistari miwili au limeandikwa kwa ufupisho. Shule hiyo sasa inatekeleza malengo ya wanafunzi wengine.

Kukamata kwa mikono

Anayeshuku afanye hivi. Achague sentensi moja yenye maneno saba hadi kumi ambayo imekaa kipekee, aitafute mtandaoni ikiwa ndani ya alama za kunukuu. Asichague ya jumla kama "elimu ni ufunguo wa maisha", itampa maelfu ya kurasa zisizo na maana. Achague yenye jina, tarakimu, au neno la ajabu. Velluvial matrix ilifichua kwa sababu hiyo: hakuna mahali pengine duniani ilikoweza kutoka. Kama anahisi ni tafsiri, ageuze sentensi hiyo kwa Kiingereza kwa namna mbili tatu, atafute tena. Akipata chanzo, atengeneze jedwali la safu mbili, kushoto maneno ya mkuu na kulia ya mwandishi wa kwanza, apake rangi yanayolingana, aandike tarehe ya kila moja. Tarehe ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu bila hiyo utetezi wa kwanza utakuwa kwamba wale ndio walioiga. Apige picha ya ukurasa, ahifadhi video ya mahafali. Kurasa hufutwa, na salamu za mkuu kwenye tovuti ya shule ndizo hufutwa kwanza.

Asilimia isimdanganye mtu. Ripoti ya programu ikisema asilimia 30, huenda ni marejeo, nukuu zilizokiriwa na majina rasmi ya taasisi, na kazi ni safi. Ikisema asilimia 4, huenda ni aya moja nzima iliyobebwa kama ilivyo, tena ile aya ambayo watu waliipigia makofi. Kinachohukumiwa ni kilichomo ndani ya hiyo asilimia.

Makosa ya tahajia ni ushahidi wenye nguvu kuliko wote. Wawili wanaweza kufika kwenye wazo moja, lakini hawafiki kwenye kosa moja la uchapaji. Januari 2024 huko Norwe ilitokea hivyo. Sandra Borch alikuwa waziri wa utafiti na elimu ya juu. Wizara yake ilikuwa ikimfuata mahakamani mwanafunzi aliyefungiwa masomo kwa kutumia tena sehemu za kazi yake mwenyewe bila kuitaja. Mahakama ya rufani ilikuwa imempa mwanafunzi haki, na wizara ikalipeleka shauri Mahakama ya Juu. Mwanafunzi mwingine aliyekerwa na hilo akaifungua tasnifu ya umahiri ya waziri, ya mwaka 2014, Chuo Kikuu cha Tromsø. Akakuta vipande vilivyofanana na kazi za wengine ambazo hazikutajwa, hadi makosa ya uandishi. Januari 19 Borch alitangaza kujiuzulu.

Angalia lakini waliosema ni kina nani. Edmonton walikuwa wahitimu wenye shahada mkononi. Norwe ni mwanafunzi ambaye waziri hakuwa mwalimu wake. Mtoto wa kidato cha tatu anayelala bweni la shule hiyo hiyo hana kinga kama hiyo, na sitamshauri kijana aivae vita hii peke yake. Asianze na kundi la WhatsApp. Awe na mwenzake mmoja, wampelekee mwalimu wanayemwamini au mjumbe wa bodi kutoka kwa wazazi lile jedwali la safu mbili, bila neno "mwizi" juu yake, bila maelezo marefu. Jedwali linajieleza. Mtu mzima aliyelipokea ndiye alibebe, na jina la aliyelileta libaki kwake.

Bei

Toronto, Januari 2013. Chris Spence alikuwa mkurugenzi wa elimu wa bodi ya shule za jiji hilo, kubwa kuliko zote Kanada, yenye shule zaidi ya 500. Gazeti la Toronto Star lilichapisha makala yake kuhusu michezo shuleni, na ndani yake yakakutwa maneno ya wengine. Spence aliomba radhi kwa namna ambayo, ukiisoma peke yake, ni ya kiungwana: alikiri kuwa hakuwataja wenye maneno katika sehemu zisizopungua tano, hakujitetea, akasema mtu wa nafasi yake ndiye aliyepaswa kujua zaidi. Ikashindikana vilevile. Baada ya radhi waandishi wakaanza kuchimba maandishi yake mengine, yakapatikana mengine, na Januari 10 akajiuzulu. Uchunguzi ukafika hadi kwenye tasnifu yake ya udaktari wa falsafa ya mwaka 1996, na mwaka 2017 baraza la nidhamu la Chuo Kikuu cha Toronto likaamua dhidi yake.

Kosa la radhi ile lilikuwa mpangilio. Alikiri kilichokamatwa, kabla ya kuhesabu kilichopo. Kila kipande kilichoibuka baadaye kiliifanya radhi ya jana ionekane kama ujanja, hata kama aliiandika kwa machozi.

Illinois, Marekani, walikwenda njia tofauti. Mwaka 2007, Glenn Poshard, rais wa mfumo wa Chuo Kikuu cha Southern Illinois, alikutwa na sehemu zisizokiriwa ipasavyo katika tasnifu yake ya mwaka 1984, aliyoiandikia chuo hicho hicho. Kamati ikaona hakukusudia, akaambiwa asahihishe, akabaki kazini. Huenda kamati ilisema kweli. Swali langu ni moja tu: mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo hicho akisema "sikukusudia", alikuwa anapewa naye nafasi ya kusahihisha na kurudisha? Kama ndiyo, uamuzi ni wa haki. Kama siyo, wanafunzi elfu nyingi walifundishwa siku hiyo kwamba kusudio ni haki ya wakubwa. Baadaye chuo kikaandaa sera mpya ya kuzuia wizi wa maandishi, na mwaka 2009 ikaonekana kuwa maelezo ya wizi wa maandishi ni nini yalikuwa yamefanana na ya Chuo Kikuu cha Indiana, bila kukiri. Ninaamini hapo hapakuwa na nia mbaya. Palikuwa na mazoea, na mazoea hushuka kutoka juu. Mtoto hutazama kisogo cha nina.

Kwa shule zetu, jambo la kwanza ni la utaratibu na husahaulika kila mara. Mkuu wa shule ndiye katibu wa bodi ya shule, Tanzania na Kenya vilevile. Yeye ndiye anayeitisha kikao, anayeandaa ajenda, anayeandika muhtasari. Katika kikao kinachomhusu hawezi kushika kalamu hiyo. Mwenyekiti aitishe mwenyewe, mjumbe mwingine ateuliwe kuwa katibu wa kikao hicho, mkuu aitwe kujieleza, kisha atoke nje wakati wa kuamua. Muhtasari uhifadhiwe na mwenyekiti, usirudi kwenye kabati la ofisi ya mkuu.

Bodi isiishie kwenye hotuba moja. Ichukue maandishi yote ya mkuu yaliyotoka kwa jina lake miaka mitatu nyuma: hotuba za mahafali, salamu za jarida, dibaji, makala. Huwa si mengi, labda kurasa arobaini. Wajumbe wawili wanaweza kuyapitia kwa siku mbili kwa njia niliyoieleza. Mkuu naye apewe siku hizo hizo ayataje mwenyewe. Akitaja yote yaliyopo, hilo ni jambo zito upande wake. Akitaja moja na wajumbe wakapata manne, hilo nalo ni jambo zito.

Mezani liwekwe daftari la nidhamu la shule. Watafutwe wanafunzi wa mwisho walioadhibiwa kwa kunakili kazi, isomwe adhabu waliyopewa na sababu iliyoandikwa. Mkuu asipewe chini ya hapo. Binafsi ningempa zaidi, kwa sababu mtoto bado anafundishwa na mkuu analipwa kwa kujua. Lakini kama bodi itaona kanuni ni kali mno kwa mkuu, basi iseme hivyo na ilegeze kwa wote, ikianza na wale waliokwisha kuadhibiwa kwa kanuni hiyo muhula huu.

Kisha masahihisho yasomwe pale kosa lilipotendwa. Hotuba ilisomwa mbele ya wanafunzi na wazazi, barua ya ndani kwa afisa elimu haitoshi. Kwa wanafunzi waliobaki ni mstarini Jumatatu, kwa wahitimu na wazazi ni ujumbe kwenye njia zile zile walizoalikwa nazo. Maneno yenyewe yawe mafupi, na yanaweza kuwa hivi:

"Hotuba niliyoisoma siku ya mahafali ilikuwa na aya tatu ambazo si zangu. Aya ya pili, ya tano na ya sita nilizitoa kwenye hotuba ya fulani, aliyoitoa mahali fulani mwaka fulani. Sikumtaja, nilizisoma kama zangu. Nimepitia hotuba zangu za miaka mitatu, nimekuta sehemu nyingine mbili, nazo nimeziorodhesha kwenye karatasi niliyoibandika ubaoni. Nimeipa bodi nakala zote, nayo imeamua kwa kanuni inayotumika kwenu. Uamuzi wake nitausoma sasa."

Visiwemo "kama kuna aliyekwazika", wala "nilivutiwa mno na maneno yale", wala "ni makosa ya kibinadamu". Kila kitenzi kiwe na mtenda, na mtenda wa kosa awe "ni-", yaani mimi. Karatasi ya ubaoni iwe na zile safu mbili zenye rangi, ikae muhula mzima, na ikishatolewa ipelekwe kwa mwalimu wa lugha aitumie kidato cha kwanza siku anapofundisha alama za kunukuu.